Sufuria Zimeisha, Sijui Nimeuza Nini

Jumapili, Novemba, hapa Maplewood, Minnesota. Theluji ilianza asubuhi kisha ikaghairi. Sasa kuna manyunyu tu, na mbingu imenuna tangu nilipofungua pazia.

Leo sikuenda kanisani, na leo sina kazi ya kusingizia. Nilikuwa nimebadilishana zamu na mwenzangu ili nipate Jumamosi na Jumapili zote mbili, jambo ambalo halijatokea tangu kiangazi. Ningeweza kuvaa nikaenda. Nilivaa hata viatu. Kisha nikavivua, kwa sababu sijui nitawatazamaje watu.

Jana nilifanya sherehe yangu ya kwanza ya kuuza vyombo vya jikoni. Niliifanya hapa nyumbani, sebuleni, na vyombo vilinunuliwa kuliko nilivyoota. Cheryl, yule mama wa Woodbury aliyeniingiza katika biashara hii ya kulipwa asilimia ya mauzo, anasema hajawahi kuona sherehe ya kwanza ya mtu ikienda hivyo. Tangu jana ananitumia picha za maua na tarumbeta kwenye simu. Natakiwa niwe nacheza.

Sichezi. Nimekaa mezani na chai imepoa mbele yangu, na ninaandika hapa ili nijaribu kuelewa kilichotokea katika nyumba yangu mwenyewe.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Moraa. Nafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee. Naosha, nageuza, nalisha, nabadilisha mashuka. Mume wangu anaendesha lori huko Dakota Kaskazini tangu Agosti, kwa sababu huko wanalipa vizuri, na anarudi kila anapopata nafasi, yaani si mara nyingi. Tangu aende, mimi nimechukua zamu za wikendi. Wikendi zote. Binti yetu Moraa, wa miaka kumi na mmoja, hukaa na jirani yetu Mama Neema, Mkongomani wa mlango wa pili, na Jumapili huenda naye kanisani kwao. Mtoto wangu sasa anaimba kwaya ya Wakongomani na anajua nyimbo ambazo mimi sizijui.

Basi nilifanya agano na nafsi yangu. Sherehe ikiuza vizuri, Jumatatu nitamwandikia msimamizi wangu kwamba naacha wikendi. Isipouza, nitanyamaza niendelee kubeba. Sikumwambia mtu, hata Baba Moraa. Niliziachia sufuria ziamue.

Na sufuria zimeamua, ila sielewi zimesema nini.

Kosa, kama ni kosa, lilianzia kwenye mwaliko. Cheryl alinifundisha vizuri kabisa. Aliniambia nisiweke tangazo kwenye grupu, maana watu hupuuza tangazo la grupu. Muite kila mtu peke yake, alisema. Mfanye ajione wa maana. Mwambie jambo hili lina maana gani kwako na kwa familia yako, na mwambie asijisumbue kubeba chochote. Mimi ni mwanafunzi mtiifu. Niliyageuza maneno yake kwa Kiswahili na nikaanza kuwatumia akina mama wa kanisa letu, mmoja mmoja. Ambao najua hawasomi ujumbe, niliwapigia. "Naomba usikose Jumamosi. Ni jambo la maana sana kwangu na kwa familia yangu. Usilete chochote, wewe njoo tu."

Ninaposoma sentensi hizo leo, natamani kuingia chini ya meza.

Kwa sababu sisi tunajuana. Kwetu, furaha inatangazwa kwenye grupu, na bango lenye rangi, na picha ya mwenye sherehe ameshika kiuno. Mtoto akizaliwa, mtu akihitimu, mtu akinunua nyumba, grupu nzima inajua. Kinachoitwa mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, ni shida. Mtu amefiwa nyumbani na hana tiketi. Mtu amelazwa. Mtu ameachwa. Hapo ndipo simu huenda kutoka mkono hadi mkono, na anayepiga hasemi shida ni gani, anasema tu usikose. Na akikwambia usilete chochote, unajua ulete. Nimeipokea simu hiyo mara nyingi tangu nije nchi hii. Sikuwahi kuisikia kwa sauti yangu mwenyewe, ndiyo maana sikuitambua.

Wote walikuja.

Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Nilikuwa nimetegemea nusu yao, na hao nusu wachelewe. Mkisii wa Minnesota akifika saa ile ile uliyomwambia, ujue kuna msiba au kuna ndege ya kuwahi. Jana walifika saa ile ile. Magari yalijipanga barabarani hadi jirani wa mbele akachungulia dirishani. Na hawakuvaa za kutokea. Walivaa vitenge vya heshima, vilemba vya rangi ya udongo, na wawili walikuwa wamejifunga leso kiunoni tayari kwa kazi.

Na walibeba. Gunia la mchele. Unga wa ugali. Mafuta ya kupikia, sukari, sabuni ya vyombo, furushi la tishu ambalo halikupita mlangoni mpaka liinamishwe. Mmoja alileta chinsaga, ile mboga yetu chungu, aliyoilima wakati wa joto na kuigandisha kwenye mifuko. Mtu hakupi chinsaga yake ya friza mwezi wa Novemba kwa sababu umemwalika kutazama kikaango.

Mama Bosire, kiongozi wetu wa akina mama, alisimama jikoni kwangu akielekeza kila kitu kiwekwe wapi, kana kwamba ni kwake. Alifungua friji, akatazama ndani kwa muda, akaifunga polepole.

Cheryl alifurahi sana. Aliniuliza kama ni desturi yetu kuleta vyakula kwenye sherehe ya mauzo. Nikamwambia ndiyo, ni zawadi za kumshukuru mwenye nyumba. Yeye akasema ni utamaduni mzuri sana na kwamba Wamarekani wamepoteza mambo haya. Nilikuwa bado sijaelewa lolote. Nilidhani labda kweli ni shukrani.

Moraa ndiye aliyehisi jambo kabla yetu sote. Alikuja nyuma yangu nilipokuwa natoa chapati, akanivuta gauni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mom, are we poor now?"

"Nani amekwambia hivyo?"

"Then why is there so much toilet paper?"

Nikamwambia aende akakae na watoto wa wageni. 

Kisha Mama Bosire akasema tuanze kwa maombi. Hakuna ubaya, sisi hata gari jipya tunaliombea. Cheryl akafumba macho vizuri, mikono kifuani. Mama Bosire akaanza kwa kushukuru kwa uzima, kwa usalama wa barabarani, kwa theluji ambayo bado haijatuzidi. Halafu sauti yake ikashuka. "Baba, wewe unaijua nyumba hii. Wewe unajua kile ambacho mama huyu hawezi kutuambia. Simama pale ambapo hakuna wa kusimama. Mpe nguvu za kulea mtoto huyu. Ufute machozi yake ya usiku."

Nilifumbua jicho moja. Kila mtu alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Kerubo, anayekaa kando ya mlango kila mahali ili asipitwe na habari, alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Nikajiuliza, machozi gani ya usiku? Mimi usiku ninalala kama gogo.

Wakasema amina. Nikasema amina pia, tena kwa sauti. Hiyo amina ndiyo inayonisumbua kuliko yote.

Sherehe yenyewe sijui niieleze vipi. Nilikaanga yai bila mafuta, Cheryl akinielekeza, yai likateleza kwenye sahani kama alivyoahidi. Kwa kawaida, akina mama hawa wangelipigia kelele hilo yai. Hawa ni watu wanaobishana na mashine ya dukani. Wangeuliza yai bila mafuta lina ladha gani, wangesema Mzungu anatuletea chakula cha hospitali, wangecheka hadi kilemba kianguke. Jana walitazama yai kwa heshima. Nikajaribu utani, nikasema kikaango hiki hata mwanamume anaweza kukitumia bila kuunguza nyumba. Mmoja akanishika bega.

Nikadhani ni mimi ninayeuza vibaya.  Nikaona wikendi zangu zinarudi, zimebeba mabeseni.

Halafu wakaanza kununua. Hawakuuliza bei. Walimwita Cheryl, wakamwonyesha kidole, wakatoa kadi. Mmoja alichukua seti nzima na nina hakika hakujua ndani kuna nini. Mwingine alimwambia Cheryl amwandikie chochote kilichobaki. Cheryl alikuwa mwekundu kwa furaha, anabonyeza simu hadi kidole kinateleza. Aliniinamia sikioni akasema jamii yangu ni watu wa ajabu. Nikamjibu ndiyo, ni wa ajabu.

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa kwenye sherehe niliyoipanga mimi, na huyo ni Mama Neema. Yeye si wa kanisa letu, hakuwa amepigiwa na mtu mwingine, na anajua kila kinachoingia na kutoka kwangu kwa sababu kuta zetu ni nyembamba. Alikuja kununua. Aliichukua sufuria ndogo, akaipima uzito mkononi, akaigeuza, akaigonga chini kwa kifundo cha kidole.

"Hii casserole iko lourd," alisema. "Garantie yake ni ya miaka ngapi?"

Nikamweleza.

"Na kifuniko ikipasuka, nani atanirudishia? Wewe ao ule mama?"

"Kampuni."

"Kampuni iko wapi? Mimi sijue kampuni. Mimi najua wewe." Akaigonga tena. "Na bei hii ni ya Wazungu. Munapunguza ao hapana?"

Chumba kizima kilimtazama kama mtu anayeomba apunguziwe bei ya jeneza. Mama Kerubo alikohoa. Mama Neema hakujali. Aliiweka sufuria chini, akavaa koti, akafika mlangoni, akarudi, akauliza kama inafaa kwa jiko la umeme, akaondoka tena, akarudi tena. Mwishowe akanunua hiyo moja, ile ndogo, na kifuniko chake, na uso wake ulionyesha kabisa kwamba bado anaona nimemshinda. Wakati ule aliniudhi. Leo namkumbuka yeye kuliko wote.

Baada ya hapo wakala. Cheryl alikuwa amenionya nisipike sana, kwamba mtu mwenye njaa kidogo hununua zaidi. Hilo nilikataa. Mtu haingii kwangu akatoka na njaa, hata kama ni biashara. Wakala, wakaosha vyombo vyote, wakafagia, wakafuta hadi juu ya friji ambako mimi sifiki. Na walipokuwa wanaondoka, Mama Kerubo alinishika mkono pale penye viatu.

"Usijali, dada," akaninong'oneza. "Hata wangu alienda hivyo hivyo. Akasema ni kazi. Akarudi mwenyewe, na miguu yake. Wewe shikilia tu Mungu."

Ndipo nilipoelewa. Wanadhani Baba Moraa ameniacha.

Sasa nitasema ukweli, maana hapa hakuna anayenilazimisha kusema kitu kingine. Nilikuwa na mdomo. Maneno ya kusema yalikuwa machache: Baba Moraa yuko kazini, jana tumeongea, leo pia tutaongea. Ningeyasema hapo hapo na kila mtu angecheka, na tungecheka hadi Krismasi. Lakini Cheryl alikuwa nyuma yangu, bado anahesabu maagizo, na uso wake unang'aa. Nikamtazama Cheryl, nikamtazama Mama Kerubo.

Nikasema, "Asante, dada. Niombeeni."

Niombeeni. Mimi mwenyewe nilishtuka neno hilo lilipotoka.

Nilipompigia Baba Moraa jana hiyo hiyo, alikuwa amepaki lori mahali anakula. Nilimweleza yote, kuanzia mchele hadi mlangoni. Mwanzo alicheka, na akicheka yeye hucheka kwa mwili mzima, nilisikia kiti kikilia. Halafu akakumbuka jambo.

"Ngoja," akasema. "Ndiyo maana Baba Bosire amenipigia wiki hii. Hajawahi kunipigia. Akaniuliza kama nakumbuka nyumbani. Nikamwambia nakumbuka. Akaniuliza tena, kwa uzito, kama nakumbuka nyumbani. Nikadhani mzee amechoka."

"Sasa?"

"Sasa wewe walipoomba ulisema nini?"

"Nilisema amina."

 Nikasikia lori za watu wengine zikipita.

"Mama Moraa," akasema, "umeniuza pamoja na sufuria."

Alisema kwa utani lakini haukuwa utani wote. Mtu yuko huko, baridi inamchoma, halali kwenye kitanda chake, na huku watu wanamwombea kama mwana mpotevu. Nilimwomba msamaha. Alisema hana neno, ila nirekebishe. Na ana haki.

Kurekebisha kuna shida yake. Maagizo yanafungwa kesho jioni. Mpaka hapo, mtu yeyote anaweza kupiga simu na kufuta alichoagiza, na hakuna atakayemuuliza kwa nini. Nikiwaambia leo kwamba hakuna shida, kwamba ilikuwa biashara tu, si watafuta? Na wakifuta, wikendi zangu zinarudi.

Asubuhi yote nimezunguka na jambo hili kichwani. Kwanza nilijiambia, nimewaibia nini? Kila mmoja ataletewa sufuria yake, nzuri, yenye garantie ya kumshinda hata Mama Neema. Bei ni ile ile ambayo angelipa mtu mwingine. Mtu akitoa pesa akapewa sufuria, hapo hakuna wizi. Hilo lilinituliza kwa muda wa kupika uji.

Kisha nikafungua kabati kutafuta sukari, nikakutana na ile sukari waliyoileta.

Mtu hakuletei sukari kwa sababu anataka sufuria. Yule mwenye seti nzima, najua ana watoto wawili chuoni, na najua jikoni kwake hakuna nafasi ya kijiko. Hakununua sufuria. Alinishika mkono kwa namna ambayo haitaniaibisha, na sufuria ikawa tu kisingizio cha mkono. Wote walidhani mimi ndiye niliyetafuta kisingizio. Walidhani nimebuni sherehe ili nisionekane naomba, na wakanisitiri kwa kucheza pamoja nami. Heshima ya namna hiyo hailipwi kwa kikaango.

Lakini hapo hapo nikauliza, sasa mimi ni mfanyabiashara au siye? Kama watu wangu watanunua ninapoonekana nimeanguka, na wasinunue ninaposimama, hiyo ni biashara gani? Cheryl ameshaniuliza ni nani kati ya wageni atakayefanya sherehe inayofuata nyumbani kwake, kwa sababu ndivyo inavyokwenda, kutoka nyumba hadi nyumba. Hakuna hata mmoja aliyejitolea. Bila shaka hakuna. Shida haihamishwi nyumba kwa nyumba kwa ratiba.

Mchana, nilipojua ibada imekwisha na watu wamefika majumbani, nilimpigia Mama Bosire. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisimama, maana nikisimama nasema ukweli vizuri zaidi.

"Mama Bosire, nataka kusema jambo. Mume wangu hajaniacha. Yuko Dakota, ana-drive lori, na tunaongea kila siku. Nilikuwa nauza vyombo tu. Mzungu aliniambia niite watu mmoja mmoja, nami nikafanya hivyo, na mkaelewa vingine. Ningesema jana lakini sikusema. Mtu akitaka kufuta alichoagiza, afute, sitakasirika."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Upande wa pili nilisikia sufuria ikifunikwa.

"Nani amesema mume wako amekuacha?" akauliza.

"Mama Kerubo."

"Kerubo ana mdomo wake." Akaguna. "Baba Moraa tunajua yuko Dakota. Mzee wangu aliongea naye."

"Sasa yale maombi?"

"Maombi yalikuwa yako."

Sikuelewa, na nikamwambia sielewi. Akavuta kiti, nilisikia miguu ya kiti ikikwaruza, na nikajua anakaa ili asiharakishe.

"Sikiza," akasema. "Wewe umekuwa kwetu miaka. Tukichangia mtu, wewe unatuma. Mtu akizaa, wewe unapika. Hujawahi kutuomba hata chumvi. Halafu tangu summer ikuwe imeisha hatukuoni, Sunday hauko, simu unashika kwa shift, unasema uko poa. Then siku moja unaita watu mmoja mmoja, unasema usikose, unasema ni mambo ya family. Wewe ungefikiria nini?"

Nilikaa.

"Tuliongea sisi kwa sisi," akaendelea. "Kerubo akasema ni mume. Mwingine akasema huyu ni mgonjwa, ameona daktari, hataki kusema. Mwingine akasema ni makaratasi ya uhamiaji. Mwingine akasema amefutwa kazi. Hatukukubaliana ni shida gani. Tulikubaliana tu tukuje."

 Nilitazama ule mchele umeegemea ukuta.

"Na hakuna mtu anafuta kitu," akasema. "Mimi nilichukua ile kubwa nyekundu. Niletewe."

"Utaletewa, Mama."

"Sawa. Sasa hiyo ya biashara nimeskia, na hiyo ya mume nimeskia." Sauti yake ikawa ile ya jana, ya maombi. "Kwa hivyo niambie. Ni gani?"

"Ni gani nini?"

"Shida. Ni gani? Maana jana nilikuangalia ukikaanga hilo yai, na mtu ambaye hana shida hakaangi yai hivyo."

Nilifungua mdomo kumwambia hakuna shida, tuko poa. Neno hilo ninalijua vizuri, linatoka lenyewe. Nimemwambia mume wangu, nimemwambia msimamizi wangu, nimemwambia Moraa kila Jumamosi alfajiri ninapomvusha kwa Mama Neema akiwa bado na usingizi. Jana halikutoka. Leo pia nililitafuta, nikalikosa.

Nikasema, "Nimechoka."

Sikukusudia kulia. Nililia hadi Moraa akatoka chumbani kwake, akasimama pale kwenye korido na soksi moja, akaja akakaa miguuni pangu bila kuuliza kitu, kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Mama Bosire hakukata simu. Hakunipa andiko, hakuniambia nishikilie. Alikaa tu kwenye laini, na nikasikia akizima jiko lake.

Kwa hiyo bado sijui jana niliuza nini. Sijui kama nina biashara au nina akina mama. Sijui Cheryl nitamweleza nini akiniuliza tena nani anafuata. Sijui machozi ya usiku waliyaombea vipi kabla sijayalia, tena mchana.

Barua kwa msimamizi nimeianza, ya kuacha wikendi. Nimeandika mistari mitatu na hakuna hata mmoja unaotaja sufuria. Nitaituma kesho kukipambazuka, kabla sijapata nafasi ya kumwambia kwamba niko poa.